Watoto wa chuo wanasoma chini ya ukuta wa paa

BARUA

Assalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 53. Naishi Mji Mkongwe wa Bagamoyo pamoja na mama yangu mzazi, mwenye miaka 78, kwenye nyumba iliyojengwa na babu mzaa baba. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa moja, kuta za nusu mita, dari za boriti. Zamani paa lilikuwa bapa, la chokaa. Lilipoanza kuvuja, marehemu baba aliezeka mabati juu yake na kuuacha ukuta wa mbele upande kupita mabati kama ulivyokuwa. Nimeupima kwa utepe wa fundi cherehani: urefu wake juu ya paa ni sentimita 95, unene sentimita 30.

Chini, upande wa barabarani, kuna vyumba viwili vya biashara: fundi cherehani, na kijana anayetengeneza simu. Uani wanaishi wapangaji wawili na watoto wao. Kodi yote ni shilingi 280,000 kwa mwezi, na ndiyo inayonunua dawa za presha za mama, umeme na maji. Na kila siku, tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, watoto wa chuo wapatao ishirini hukaa kwenye baraza yetu kusoma Kurani. Mama ndiye aliyempa mwalimu ruhusa, akanuia thawabu zimfikie baba.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya isha, nyumba ilitikisika. Vyombo vililia kabatini, taa ikabembea, mama akadhani lori limepita. Asubuhi nikaona ufa kwenye pembe ya juu, pale ukuta wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Fundi akaupaka saruji. Masika iliyofuata ukafunguka kando ya ile saruji, na sasa sarafu ya shilingi mia mbili inaingia bila kusukumwa. Juu ni mpana, chini karibu na dirisha ni mwembamba kama uzi.

Mwaka jana alikuja likizo mpwa wangu anayefanya kazi ya uhandisi California. Alipanda juu, akashika ukuta, akaniambia: "Mamdogo, kwetu kule nyumba kama hii mji unamwandikia mwenyewe barua, unampa muda aiimarishe, na mlangoni inawekwa ilani kwamba jengo hili ni la mawe yasiyo na nondo. Nyinyi mnapangisha watu na hamjawaambia kitu." Akarudi zake. Maneno yake yamebaki na mimi.

Niliitisha kikao. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, mwenye kazi za ujenzi ndogondogo, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Anataka tumwage mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote, tupige lipu ya saruji nje na ndani, tumalize. Asipokubaliwa, bora tuvunje tuuze kiwanja. Ami yetu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi (nyumba haijagawanywa tangu baba afariki mwaka 2011), akasema nyumba imesimama zaidi ya miaka mia, na matetemeko ni mambo ya Bukoba, si ya pwani. Akaniambia nisiwatie watu hofu.

Mimi ndiye ninayekaa na funguo na kupokea kodi. Nikiwaambia wapangaji, wataondoka, na dawa za mama sijui zitatoka wapi. Nikimwondoa mwalimu na watoto, mama ataona nimemkatia marehemu baba sadaka yake. Nikinyamaza na ukuta ukaanguka, nitamjibu nini Mola? Au nina hofu ya kuazima, ya nchi ya watu? Nimkubalie kaka? Niwaambie watu? Nisaidie.

Mwenye Funguo, Bagamoyo

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu Mwenye Funguo.

Barua yako nimeisoma kwa kalamu mkononi, kwa sababu umeniandikia vipimo, na vipimo vyako vina maneno mengi kuliko kikao chenu. Ninavyokuelewa, mambo matatu yamefungwa kamba moja: ukuta wenye ufa, familia isiyokubaliana juu ya dawa, na siri unayowabebea watu wanaolala na kusoma chini ya ukuta huo. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, kila unapotaka kugusa moja, mengine mawili yanakuvuta mkono. Naomba tuyafungue kwanza.

Tuanze na ami yako, maana hajakosea yote. Pwani yetu si California. Lakini tetemeko ulilolisikia lilitoka baharini, kusini mashariki ya Dar es Salaam, na ukubwa wake ulikuwa karibu 6.0. Lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9. Kwa kipimo ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti kubwa ni kwamba la Bukoba lilipiga karibu na makazi ya watu, na lenu lilipiga mbali, chini ya maji. Kwa hiyo kusema haya ni mambo ya Bukoba ni kusahau usiku ule vyombo vilipolia.

Na ile miaka mia? Nyumba iliyosimama miaka mia ilisimama na chokaa kavu na boriti nzima. Ya leo ina maji nyuma ya ukuta wa paa, yaani ule wa mbele unaopanda kupita mabati, na saruji kwenye ufa. Si nyumba ileile. Beit al Ajaib pale Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 kwa mawe kama yenu, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, na siku hiyo hapakuwa na tetemeko lolote. Ningekuwa naongea na ami, nisingebishana naye juu ya matetemeko. Ningemwomba tuzungumze juu ya maji.

Sasa mpwa wako. Alilokuambia ni kweli, ila amelifupisha, na ufupisho ndio uliokutia homa. Sheria ya California ya mwaka 1986 iliitaka miji iliyo kwenye maeneo ya hatari kubwa ihesabu majengo ya aina hii na iwe na mpango wa kupunguza hatari. Mpango wenyewe wauchague mji husika. Ipo miji iliyolazimisha kuimarisha, na ipo iliyoishia kumwarifu mwenye jengo. Los Angeles ililazimisha tangu 1981. Lakini miaka zaidi ya thelathini kabla ya hapo, mwaka 1949, mji huohuo ulikuwa umetoa amri juu ya kitu kimoja tu: kuta zinazopanda juu ya paa upande wa barabarani. Zishushwe au zifungwe. New Zealand nao, baada ya tetemeko la Christchurch la Februari 2011 lililoua watu 185, walikuja kuamuru mwaka 2017 kwamba kwenye barabara zenye watu wengi za miji kadhaa, kuta za paa na nyuso za majengo ya matofali zifungwe ndani ya mwaka mmoja, nyumba nzima baadaye.

Kwa nini walianzia hapo? Ukuta wa paa umeshikwa chini tu, juu na mbele hauna cha kuushika. Nyumba inapotikisika, sehemu ya juu ndiyo huyumba zaidi. Na ukuta huo mara nyingi haumwangukii mwenye nyumba aliyelala ndani, humwangukia aliye nje. Kwenu, aliye nje ni mtoto wa chuo.

Tuchukue vipimo vyako. Sentimita 95 ukigawa kwa 30 ni zaidi ya mara tatu. Kanuni wanazotumia Marekani kwa majengo haya huruhusu ukuta wa paa usiofungwa uwe na urefu wa mara moja na nusu ya unene kwenye maeneo ya mtikisiko mkubwa, na mara mbili na nusu kwenye ya wastani. Hata tukikubali kuhesabu pwani yetu kwenye kundi jepesi, mwisho wake ungekuwa sentimita 75. Wenu umepita. Na hapo bado hatujasema kwamba mguu wake, pale mabati yanapougusa, yamkini umelowa kila masika tangu baba alipoezeka. Panda uangalie mfereji uliopo kati ya mabati na ukuta. Ukikuta majani, udongo na miche imeota, umekuta kilichoufungua ufa baada ya fundi kuupaka saruji. Tetemeko lilianzisha, maji yameendeleza.

Hapa ndipo nina ugomvi kidogo na methali ya kaka yako. Wahenga walisema ziba ufa, hawakusema uzibe kabla hujajua umetoka wapi. Ufa mpana juu, mwembamba chini, uliopo kwenye pembe, mara nyingi maana yake ni kwamba ukuta wa mbele unaachana na wa ubavuni na kuelemea barabarani. Ukiujaza saruji na ukuta bado unatembea, umetia kabari. Ufa utafunguka pembeni, kama ulivyofanya.

Usikilize ufa kabla ya kuujaza. Piga misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, umbali wa kama sentimita kumi, juu. Na mingine miwili karibu na dirisha. Kila tarehe mosi pima kati ya misumari kwa rula ya chuma, andika kwenye daftari, andika pia kama mvua imenyesha. Chora mstari wa penseli na tarehe kwenye ncha ya chini ya ufa uone kama unashuka. Ukuta wa matumbawe hupumua kidogo kati ya masika na kiangazi, hivyo usishtuke ukiona namba zinakwenda na kurudi. Cha kukushtua ni namba inayokwenda bila kurudi. Ikiongezeka milimita moja ndani ya miezi michache, usingoje mwaka uishe.

Ndani nako angalia vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, hasa chini ya mfereji. Sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, kichwa kimeoza, au mchwa wamepita. Na angalia boriti zinaelekea wapi. Ukuta unaobeba vichwa vya boriti una cha kuushika, ingawa kwa kulala tu bila kufungwa. Ukuta ambao boriti zinakwenda sambamba nao hauna hata hicho, umesimama kama mlango ulioegeshwa. Kuta za namna hiyo kwa kawaida ndizo hutoka nje kwanza.

Nije kwa kaka yako na zege lake. Asidharauliwe. Wazo lake la kuifunga nyumba mkanda juu ni sahihi. Kwenye nyumba mpya ya tofali, lenta ya zege yenye nondo ndiyo inayoshika kuta zisiachane. Swali ni mkanda gani kwa ukuta gani. Tuseme mzunguko wa kuta zenu ni mita 48, na mkanda una sentimita 30 kwa 30. Hizo ni mita za ujazo 4.3. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa kama tani mbili na nusu, kwa hiyo mnaweka tani zipatazo kumi na moja juu kabisa ya nyumba, kwenye ukuta ambao ndani yake ni vifusi na chokaa katikati ya nyuso mbili za mawe. Tetemeko humsukuma kila mmoja kwa kadiri ya uzito wake. Mkanda mzito usiofungwa vizuri na ukuta dhaifu huteleza juu yake, na unaweza kuwa nyundo badala ya mshipi. Mwulize, kwa upole, nondo zake zitashika nini chini yake, na nani atakayemsainia hesabu hizo.

Lipu ya saruji ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu ni rahisi na inapendeza macho. Matumbawe yana chumvi na yanavuta unyevu kutoka chini. Chokaa inaacha unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, jiwe linageuka unga, na vichwa vya boriti vinakaa kwenye maji. Baada ya miaka kadhaa lipu imesimama nzuri na nyuma yake hakuna ukuta wa kuaminika. Zaidi ya hapo saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hivyo nyumba ikicheza, kinachopasuka ni jiwe, wala si kiungo. Kwa nyumba hizi, mwashi anayejua kazi atatumia chokaa iliyozimwa na kulazwa majini, walau wiki kadhaa, miezi mitatu ikiwezekana. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mto, kamwe si wa ufukweni. Tabaka zisizozidi sentimita moja na nusu, na magunia mabichi juu yake kwa siku saba hadi kumi ili jua lisiinyang'anye maji. Ni kazi ya taratibu, na taratibu inagharimu. Hilo sitakuficha.

Mkanda mwepesi upo. Ni kufunga boriti kwenye ukuta: chuma bapa au fimbo ya chuma ya kama milimita 16 inafungwa kwenye boriti nzima, inapita ukutani, na nje inakazwa kwa nati juu ya sahani ya chuma, tuseme sentimita 20 kwa 20, ili nguvu isikae kwenye jiwe moja. Boriti zinapokwenda sambamba na ukuta, fimbo lazima ishike boriti mbili au tatu, na kati yake ziwekwe mbao za kukaza, la sivyo unafunga ukuta kwenye kijiti. Umbali kati ya fimbo na fimbo auseme mhandisi baada ya kuona. Na chuma kiwe kisichoshika kutu. Hapa kwenu upepo wa bahari unakula chuma cha kawaida upesi, na kutu huvimba. Chuma ulichokiweka kuushika ukuta ndicho kitakachoupasua.

Nimekaa sana kwenye mawe, dada, na wewe uliniuliza juu ya watu. Nimefanya makusudi. Kikao chenu kimebishania nyumba nzima: tuimarishe, tuvunje, tuuze, tuache. Swali la nyumba nzima linahitaji mirathi, fedha, mhandisi aliyesajiliwa, kibali cha Halmashauri na neno la watu wa Mambo ya Kale kwa kuwa mpo ndani ya Mji Mkongwe. Linaweza kuchukua miaka. Lakini swali la ukuta wa paa na baraza si lilelile. Je, yumkini umeliacha dogo lingoje kwa sababu kubwa halijapata jibu?

Watoto ishirini, kwa muda wa saa mbili kila siku, chini ya sentimita 95 za mawe. Mpita njia yupo hapo kwa sekunde tano. Tofauti hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mama alitoa mahali pa kusomea kwa nia ya kumfikishia mumewe thawabu. Sidhani kama aliunuia ukuta. Ungeweza kumwendea si kwa kusema "watoto waondoke" bali kwa kumwuliza ni wapi pengine nyumbani pangewafaa. Uani? Itabidi uzungumze na wapangaji wanaopika pale, na uangalie nako kuta zake, wasihamishwe kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Chumba cha mbele cha chini? Watapita chini ya ukuta wakiingia na kutoka, lakini hawatakaa. Msikiti wa jirani? Hapo sadaka inaweza kuendelea kwa mkeka, maji ya kunywa, mafuta ya taa ya mwalimu. Mama anaweza kukasirika. Anaweza pia kukushangaza. Wazee wengi wanaogopa kimya kuliko habari.

Ukuta wenyewe una njia mbili hivi. Kuushusha, labda hadi sentimita 45, ambayo ni mara moja na nusu ya unene wake. Au kuuacha urefu wake na kuuegemeza kwa nyuma kwa vyuma vya kona vilivyolala mshazari, kila mita moja na nusu hadi mbili, vikishika kenchi au boriti nzima na wala si mabati. Kuushusha ni rahisi zaidi kuelewa, lakini unabadilisha uso wa nyumba, ndiyo maana ofisi ya Mambo ya Kale iulizwe kabla ya nyundo, si baada. Kuuegemeza kunahifadhi sura lakini kunahitaji kitu kizima cha kushikia, na wewe bado hujui hali ya boriti.

Mkiamua kuushusha, kazi ifanywe kiangazi, baraza na kipande cha barabara vifungwe, jukwaa la mafundi lisimame kwa miguu yake bila kufungwa kwenye ukuta huo. Mawe yatolewe kuanzia juu, mstari kwa mstari, kwa nyundo ndogo na patasi, yashushwe kwa ndoo na kamba. Sululu isipande juu. Na mawe yasirundikwe darini hata kwa saa moja. Boriti zilizooza zimewahi kuvumilia miaka na kukatika siku ya kubebeshwa rundo. Mfereji wa nyuma utengenezwe siku hizohizo, wenye mteremko na tundu la kutokea maji, vinginevyo mmetibu homa mkaacha mbu.

Kubomoa nyumba na kuuza kiwanja, alikotaja kaka, ni haki ya warithi kukujadili, ila si njia fupi kama inavyosikika. Hakuna anayeuza mirathi isiyogawanywa bila msimamizi. Ukuta mnaochangia na jirani, kama upo, hauvunjwi upande mmoja. Na kama mlango wenu umechongwa kabla ya 1940, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda. Si wa kumpa dalali.

Sasa wapangaji. Umejiwekea milango miwili tu: kuwaambia na wakaondoka, au kunyamaza na wakabaki. Una hakika gani kwamba wataondoka? Wanaona ufa kila siku. Fundi cherehani huenda aliuona kabla yako. Ile ilani ya California aliyokusimulia mpwa haimfukuzi mtu, inamwarifu ajipangie mwenyewe. Kuna kuwaambia kwa kutisha, na kuna kuwaambia kwa kupanga: ufa upo, tunaupima kila mwezi, daftari hili hapa, baraza haikaliwi tena, na ardhi ikitikisika msikimbilie mlango wa mbele. Hili la mwisho litilie mkazo. Mtu anayetoka mbio anafika chini ya ukuta wa paa wakati uleule unaposhuka. Aliye ndani akae mbali na kuta za nje na madirisha, aingie chini ya meza imara, angoje mtikisiko ukome, ndipo atoke akitazama juu, na asirudi ndani mpaka nyufa zimeangaliwa. Mama, aliye juu na ana miaka 78, asishuke ngazi wakati nyumba inatikisika. Kitanda chake kisogezwe kutoka kwenye ile pembe leo, hiyo haihitaji kikao.

Ndiyo, mmoja anaweza kuondoka. Unaweza kupoteza kodi ya miezi miwili mitatu, na kwa dawa za mama hilo si dogo. Pengine kabla ya kuwaambia, uwaambie ndugu zako kwanza kwamba kodi inaweza kupungua, na uwaulize nani atachangia nini kwenye dawa. Nimeona kwenye barua yako hesabu ya kodi, ufa, ukuta na watoto. Sikuona mahali ambapo mama ni wa watoto wote. Huenda ukiona nafasi ya kuliuliza hilo, hofu ya wapangaji itapungua uzito. Huenda isipungue. Wewe ndiye unayewajua.

Kuhusu ami, kumbuka jina lake ndilo lililoandikwa kuwa msimamizi. Si adabu, na pengine si haki kwake, wapangaji wasikie habari za ufa kabla yake. Lakini kumpelekea hotuba ya matetemeko mliishajaribu. Mpelekee daftari lenye namba za miezi miwili.

Na mpelekee timazi. Ili kujua ukuta umeinama kiasi gani, uzi unateremshwa kutoka dirisha la juu, ukiwa umetengwa na ukuta kwa kipande cha mbao cha sentimita kumi, na chini mtu anapima nafasi kati ya uzi na ukuta. Kila nusu mita andika. Kuta za zamani hupunguzwa unene kadiri zinavyopanda, hivyo juu kuwa ndani kidogo ni kawaida. Tumbo la katikati au juu kutoka nje si kawaida. Sentimita mbili zinaweza kuwa za babu mwenyewe, mwashi wa siku ile hakuwa malaika. Saba au nane, pamoja na ufa huo, ni za kumwita mhandisi siku hiyohiyo.

Timazi haipimwi na mtu mmoja. Kaka akija Ijumaa, apande yeye na uzi. Wewe shika kalamu. Ami mpeni kiti pale chini kando ya ukuta, nje ya baraza, na rula mkononi, awasomee namba.

Bi Mshauri